Twiga kachorwa, mwenye twiga je?

Wadau, leo tuongelee sahani. Madukani hapa Kibaoni vyombo vya Mchina vimejaa, tunanywea chai bila kujiuliza lolote. Lakini vyombo vya China vilifika nchi hii karne nyingi kabla ya mkoloni, na vina kisa cha kutufikirisha.

Tuanze kwao. Vyombo vya kaure vya kasri ya wafalme wa China vilichomwa hasa katika mji wa Jingdezhen. Wachoraji walipenda maua na madragoni, ila mara nyingine walimchora mgeni. Enzi ya mfalme Yongle (1403 hadi 1424) zilitengenezwa chupa bapa za rangi nyeupe na bluu, zenye wageni wakicheza na kupiga ala. Karne ya 18, enzi ya Qianlong, wakachorwa wanawake wa Kizungu na watoto. Wakati huo Mtaliano Giuseppe Castiglione, aliyefika China mwaka 1715, alikuwa mchoraji humo humo kasrini.

Umeona mtindo? Mgeni yupo ili apendeze. Anacheza, anaburudisha. Huwezi kujua anatoka kijiji gani wala anawaza nini. Picha ile inamweleza mfalme zaidi kuliko inavyomweleza mgeni.

Na sisi huku? Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea Yongle twiga, mnyama wa Afrika. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi nao wakapeleka wa kwao. Kasrini walimwita qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea nchi ikitawaliwa kwa haki. Yaani twiga wetu aligeuka cheti cha utawala bora! Yule wa 1414 alichorwa kwenye hariri, pembeni yake mtu kashika kamba. Twiga kaandikiwa sifa ndefu. Mshika kamba hana hata jina.

Lakini msidhani wazee wetu wa pwani walikaa tu wakisubiri kuchorwa. Walikuwa wanunuzi. Kilwa, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, vimepatikana vyombo vya China. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alikuta vipande vingi sana pwani hii, akaona kuwa historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini inaweza kusomwa humo.

Na walivitumia walivyotaka wao. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam: bakuli na sahani zilijengewa kwenye nguzo za makaburi. Chombo cha mezani kikawa heshima ya marehemu. Hilo halikupangwa Jingdezhen. Lilipangwa na Waswahili wenyewe.

Nayasema haya nikiwa jirani na Hifadhi ya Katavi, ambako twiga bado wapo. Tafuta picha za Katavi kwenye intaneti: viboko, twiga, simba. Mpimbwe, mwenyeji wa huku, utamtafuta sana. Akionekana, mara nyingi ni dereva au mpagazi, hana jina. Miaka 600 imepita na bado tumeshika kamba!

Wa pwani hawakumlalamikia mchoraji. Walichukua sahani yake wakaipa maana yao. Sisi tuna kamera na kalamu. Tunangoja nani atuchore?