Bei ya Mchoro: Sababu za Kihistoria za Kuenea kwa Filamu za Katuni, 1914–1963

Utangulizi

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuenea kwa filamu za katuni ni kwamba watoto wanazipenda. Maelezo hayo si ya uongo, lakini kihistoria hayatoshelezi. Watazamaji walizipenda tangu mwanzo, ilhali wingi wa filamu hizo ulikuja baadaye. Makala haya yanatetea hoja kwamba kilichobadilika kati ya mwaka 1914 na 1963 si mapenzi ya hadhira, bali gharama ya mchoro mmoja, na kwamba kila gharama ilipopungua, kulikuwa na mtu aliyebeba mzigo wa upungufu huo.

Kutoka karatasi hadi seluloidi

Mwaka 1914, nchini Marekani, Winsor McCay alionyesha Gertie the Dinosaur. Filamu hiyo fupi ilihitaji maelfu ya michoro. Kwa kuwa kila mchoro ulikuwa na karatasi yake, mandhari ya nyuma ilibidi ichorwe upya kila mara, na kazi hiyo ya kunakili aliachiwa msaidizi wake, John Fitzsimmons. Mwaka huohuo Earl Hurd aliomba hataza ya mbinu ya kuchora wahusika kwenye seluloidi angavu iliyolazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Hurd aliungana na John Bray, na watengenezaji wengine walitozwa ada ya kutumia mbinu hiyo hadi hataza zilipomaliza muda wake mwaka 1932.

Seluloidi iliwezesha kazi kugawanywa: mmoja alichora mjongeo, mwingine alinakili kwa wino, mwingine alipaka rangi. Snow White ya studio ya Disney (1937) ni tunda la mgawanyo huo. Wino na rangi vilikuwa kazi ya wanawake, ambao kwa sehemu kubwa walifungiwa njia ya kuwa wachoraji wa mjongeo. Mwaka 1941 wafanyakazi wa studio hiyo waligoma.

Kutoka ukumbi wa sinema hadi sebuleni

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia kampuni kubwa kuwauzia wenye kumbi filamu kwa mafungu ya lazima. Filamu fupi za katuni zikapoteza soko la uhakika, na mwaka 1957 MGM ilifunga idara yake ya katuni. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wakiiongoza, walihamia televisheni, ambako malipo yalikuwa madogo. Dawa yao ilikuwa kupunguza michoro: mdomo au mkono ulijongea huku mwili ukitulia, na michoro ya zamani ilitumiwa tena.

Nchini Japani, Tezuka Osamu alikwenda mbali zaidi. Tetsuwan Atomu ilianza kurushwa tarehe 1 Januari 1963. Kila mchoro ulipigwa picha mara tatu, hivyo sekunde moja yenye picha 24 ilitosheka na michoro 8. Tezuka aliuza vipindi kwa bei isiyofikia gharama, akitegemea mapato ya bidhaa zenye sura ya mhusika wake na mauzo ya ng'ambo. Bei hiyo ya chini iliwabana watengenezaji waliomfuata, na studio yake yenyewe, Mushi, ilifilisika mwaka 1973.

Inaweza kudaiwa kwamba televisheni peke yake ndiyo iliyoleta wingi huu. Dai hilo lina uzito, lakini vituo vingeweza kuendelea kurudia katuni za zamani za sinema. Mfululizo mpya wa kila wiki uliwezekana pale tu mchoro uliposhuka bei.

Hitimisho

Mwelekeo huo haukukoma mwaka 1963. Toy Story (1995) ilihamishia kazi kwenye kompyuta, na programu ya bure ya Blender ilitumika kutengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025. Katika mazingira hayo ya gharama nafuu ndipo Ubongo Kids ilipoanza kuonyeshwa nchini Tanzania mwaka 2014, ikifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Kushuka kwa bei, kwa hiyo, kumefungua mlango kwa lugha ambazo studio kubwa hazikuzihudumia. Hata hivyo, historia ya Fitzsimmons, ya wapaka rangi na ya Mushi inamtaka mtafiti asiishie kuuliza nani anatazama. Aulize pia nani alichora, na alilipwa nini.