Kikombe cha Mlangoni

Nilifika Mbulumbulu mwezi wa saba nikiwa na mafua. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, saa nne asubuhi watu bado wamejifunika mablanketi. Bibi mwenyeji wangu alinikalisha karibu na mlango, akanipa chai kwenye kikombe cha bati, na nilipomaliza akakiweka peke yake, mbali na vyombo vingine. Mjukuu wake mchanga akahamishiwa chumba cha pili. Niliumia, sitaficha. Mgeni gani anatengwa hivyo?

Baadaye ndipo nilipokumbuka 1918. Septemba mwaka ule homa ya mafua, ile iliyoitwa ya Kihispania, iliingia Mombasa kwa meli ikapanda reli kwenda bara. Novemba 25 Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimu amri kule Abercorn, leo Mbala, Zambia. Watu wake wakapelekwa Tabora, na humo kambini homa ikawakuta wamebanana. Askari waliokwepa risasi miaka minne wakafa kwa kukohoa. Dunia nzima, makadirio yanayotajwa sana ni watu milioni 50. Dawa haikuwepo. Hata kirusi chenyewe kilikuja kupatikana kwa binadamu mwaka 1933, huko London. Kilichobaki kilikuwa kitanda, maji na umbali.

Umbali Wairaqw walikuwa nao tayari, na una jina: metimani. Mtu aliyefiwa au aliyepatwa na baadhi ya magonjwa hujitenga kwa muda. Hatembelei watu, vyombo vyake havichanganywi. Walipohama kutoka nyanda za Kainam kuja huku kaskazini, walikuja na desturi hiyo. Walikuja pia na nyumba ya tembe iliyozama nusu ardhini, watu na mifugo chini ya paa moja. Ina joto zuri, lakini moshi na pumzi mnagawana wote. Ndiyo maana kipupwe ni msimu wa mafua: baridi inatufungia ndani, na kirusi kinapenda chumba kilichofungwa.

Lakini tusiipambe desturi. Metimani hiyohiyo ilimfukuza nyumbani binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, wakati mwingine ajifungue mbali na mama yake. Haikuanzishwa kwa ajili ya virusi, ilihusu unajisi. Kumtenga mtu kunaweza kuokoa kijiji, na kunaweza kumuua anayetengwa.

Kwa hiyo swali si kutenga au kutotenga. Mwaka 2020 nchi nzima tulijifukiza nyungu. Mvuke unafungua pua, sawa, ila hauui kirusi. Vidonge vya antibayotiki navyo haviui. Ni vya bakteria. Kinachosaidia ni vitu visivyo na sifa: nawa mikono, fungua dirisha hata kama kuna baridi, koholea kwenye kiwiko, pumzika, kunywa vya kutosha. Na mtoto akihema harakaharaka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri asubuhi. Hiyo yaweza kuwa nimonia, mpeleke hospitali.

Usiku ule nililala chumba cha peke yangu. Alfajiri bibi akagonga, akaweka uji wa moto kizingitini, akarudi nyuma hatua mbili. Hakuondoka. Alisimama palepale kwenye ukungu akiniuliza nimelalaje, kifua kinauma wapi, mpaka nikamaliza kunywa.

Kikombe kilikuwa kilekile cha bati.