Aina mpya za waridi: nani mwenye ua linalokuzwa Naivasha?

Waridi linalokatwa asubuhi kando ya Ziwa Naivasha hufika katika masoko ya Ulaya siku chache baadaye likiwa bidhaa ya Kenya. Hata hivyo, aina yenyewe ya ua hilo mara nyingi ni mali ya mtafiti aliyeko Uholanzi, Ujerumani au Ufaransa, na mkulima hulazimika kumlipa mrabaha ili aruhusiwe kuikuza.

Mfumo huo ulipata nguvu mwaka 1999, Kenya ilipojiunga na Muungano wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea (UPOV). Mwaka 2016 nchi hiyo iliridhia mkataba wa muungano huo wa mwaka 1991, unaompa mwenye aina mpya ulinzi wa miaka isiyopungua 20. Maombi hushughulikiwa na Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea (KEPHIS). Ili aina isajiliwe, sharti iwe mpya, itofautiane na zilizopo, mimea yake ifanane, na sifa zake zisibadilike inapozalishwa tena.

Kazi ya kupata aina mpya ni ya subira. Mtaalamu huondoa petali na sehemu za kiume za ua kabla halijachanua, kisha hulichavusha kwa chavua ya ua jingine alilolichagua. Tunda likikomaa, mbegu hutolewa, huhifadhiwa mahali penye baridi, ndipo hupandwa.

Kwa kuwa waridi lina urithi uliochanganyika, kila mbegu huzaa mmea usiofanana kabisa na wazazi wake. Miche maelfu huchujwa hadi ikabaki michache, ambayo huzalishwa kwa kubebesha vikonyo. Safari hiyo yaweza kufikia miaka kumi.

Rangi pekee haitoshi. Huangaliwa pia urefu wa shina, idadi ya mashina kwa mita ya mraba, uwezo wa kustahimili ubwiri unga, na siku ambazo ua hudumu katika chombo baada ya safari ndefu. Aidha, aina iliyofana Uholanzi si lazima ifane Ikweta. Katika nyanda za juu zenye baridi, waridi hukua polepole na kutoa ua kubwa. Penye joto hutoa mashina mengi yenye maua madogo. Ndiyo maana kampuni za kigeni hufanya majaribio nchini Kenya kwenyewe.

Afrika Mashariki haikukosa malighafi. Urujuani wa Afrika, ua la chungu lililoenea duniani kote, asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Usambara miaka ya 1890, na aina nyingi za kibiashara zikazalishwa huko na Marekani.

Nchi isiyozalisha aina zake itaendelea kuuza maua huku ikinunua haki ya kuyapanda. Misitu yenye mimea hiyo ya asili ikitoweka, hata nafasi ya kuanza itakuwa imepotea.