Mabadiliko ya tabianchi na vita vya Darfur

Vita vya Darfur vilizuka mwaka 2003 magharibi mwa Sudan, na hutajwa mara nyingi katika mjadala kuhusu mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika mapigano ya silaha. Darfur imo katika ukanda wa Saheli, ambako mvua zilipungua sana kuanzia miaka ya 1970. Ukame wa 1983–1984 ulileta njaa kubwa na kuwasukuma wafugaji wa ngamia wa kaskazini kuelekea kusini, kwenye ardhi za wakulima, wakiwemo Wafur. Kwa desturi, mifugo ililishwa mabua mashambani baada ya mavuno. Malisho na maji yalipoadimika, maelewano hayo yalidhoofika.

Mwaka 2007 Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliandika kwamba vita hivyo vilitokana kwa sehemu na mabadiliko ya tabianchi. Wakosoaji, akiwemo mtafiti Alex de Waal, walisisitiza kwamba serikali ndiyo ya kulaumiwa. Serikali ya Khartoum ililitelekeza jimbo hilo kwa miongo mingi, kisha ikawapa silaha wanamgambo wa Janjaweed dhidi ya waasi. Aidha, mvua zilishuka takriban miaka 30 kabla ya vita kuanza, hivyo upungufu huo pekee hauelezi kwa nini vilizuka wakati huo.