Homa ya dengue: Siku ya hatari ni ile joto linaposhuka

MKAZI wa Kileleshwa aliyekwenda likizo Mombasa huenda akashuka kwenye treni ya SGR akiwa buheri wa afya, kisha siku ya tano akazidiwa na homa kali. Virusi vya dengue hukaa mwilini siku nne hadi kumi, tangu mtu aumwe na mbu, kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo maana ugonjwa unaopatikana Pwani unaweza kumlaza mtu Nairobi, ambako ni wachache wanaoufikiria.

Mazoea ni kusema kwamba ni malaria. Ni kweli kuwa anayetoka Pwani akiwa na homa hana budi kupimwa malaria bila kuchelewa. Ila vipimo visipoonyesha malaria, safari ya kutafuta chanzo haijakwisha, na mgonjwa anapaswa kumweleza daktari alikokuwa na alirejea lini.

Dengue si mgeni nchini. Ilizuka Malindi mnamo 1982, Mandera mnamo 2011, na Mombasa mnamo 2013 na tena 2017. Uchunguzi uliofanywa katika nyumba za mtaa wa Tudor mwaka wa 2013 ulibaini kuwa takriban watu 13 katika kila 100 waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Hata jina lenyewe lina uhusiano na Kiswahili. Daktari James Christie, aliyehudumu Unguja, aliandika kuwa wenyeji waliuita ugonjwa uliozuka huko mnamo 1870 kidinga pepo, ingawa baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba huenda ule ulikuwa chikungunya. Tanzania ungali unaitwa kidingapopo.

Homa hii huanza ghafla. Joto hupanda hadi nyuzi 40, kichwa kikauma sana, na maumivu yakajikita nyuma ya macho, kwenye misuli na viungo. Kichefuchefu na vipele vya ngozi pia hutokea. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa au huugua kidogo tu.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kwa maumivu na joto, mgonjwa hupewa parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na bila kuzidisha. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hukimbilia kununua dukani mwili unapouma, ziepukwe kwa sababu huongeza uwezekano wa kuvuja damu.

Kosa kubwa hufanyika baadaye. Kati ya siku ya tatu na ya saba joto hushuka, jamaa wakashukuru Mungu na kurudi kazini. Kwa wagonjwa wachache, huo ndio wakati ambapo majimaji ya damu huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa midogo, huku chembe za kugandisha damu zikipungua. Shinikizo la damu likianguka, maisha yamo hatarini. Saa 24 hadi 48 zinazofuata zinahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa.

Akiumwa sana na tumbo, akitapika mfululizo, akitokwa na damu puani au kwenye ufizi, akitapika damu au kupata choo cheusi, apelekwe hospitalini mara moja. Vivyo hivyo akihema kwa kasi, akiwa baridi mikononi na miguuni, akilegea au akihangaika bila utulivu. Wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye kisukari wasisubiri hadi dalili hizo zitokee.

Nyumbani, kazi kubwa ni kunywesha. Maji ya ORS, madafu, uji mwepesi, mchuzi na maji ya matunda hufaa kuliko maji matupu pekee, na yanywewe kidogo kidogo hata kama mgonjwa hana hamu. Njia rahisi ya kupima ni choo kidogo: asipokwenda haja ndogo kwa saa sita, maji hayatoshi. Majani ya mpapai yanayosifiwa na wengi yasichukue nafasi ya daktari.

Mgonjwa alale ndani ya neti hata mchana, kwani mbu wa dengue huuma kukiwa na mwanga. Mbu hao wamepatikana Nairobi pia, na huzaana katika maji safi yaliyotuama: visahani vya maua kwenye roshani, mitungi isiyofunikwa, matairi mabovu.

Uchovu unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya kupona, na mwajiri asishangae. Aliyepona aitunze karatasi ya vipimo vyake. Virusi vya dengue ni vya aina nne, na kuugua aina moja humkinga mtu dhidi ya hiyo tu kwa muda mrefu. Akiambukizwa aina nyingine baadaye, uwezekano wa kuugua vibaya huwa mkubwa zaidi.