Historia ya CUF Kilwa na Lindi

Chama cha Wananchi, CUF, hakikuasisiwa Kilwa wala Lindi. Kiliundwa Mei 1992, kamati ya Kamahuru ya Zanzibar ilipoungana na chama cha James Mapalala wa Tanzania Bara. Wito wake ulikuwa Haki Sawa kwa Wote. Mwaka 1995 kilivuna majimbo yote ya Pemba, lakini Bara kikatoka mikono mitupu.

Kusini mwa Bara, zilipo Kilwa na Lindi, wito huo ulikuta watu wenye madai. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa alivuka mto Rufiji kwa pantoni. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, ilianza kupita bombani kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Mkulima wa korosho na ufuta alikuwa na haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.

Mwaka 2010 jibu likatoka kwenye masanduku ya kura. CUF ilipata majimbo mawili tu Bara, yote ya mkoa wa Lindi. Kilwa Kusini ilimchagua Selemani Bungara, maarufu kwa jina la Bwege. Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge nchini. Miaka ile watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo. Lindi ikampa mmoja wao dhamana ya kuisemea. Heshima hiyo ni ya wapiga kura kabla ya kuwa ya chama.

Mwaka 2015 Barwany alishindwa, lakini chama kilitwaa majimbo manne kati ya manane ya mkoa: Kilwa Kusini, Kilwa Kaskazini, Mchinga na Liwale.

Kisha ukaja mgogoro wa uongozi wa chama kati ya mwenyekiti, Profesa Lipumba, na katibu mkuu, Maalim Seif. Mwaka 2018 mbunge wa Liwale alihamia chama tawala, CCM. Machi 2019 mahakama ilimpa ushindi Lipumba, Seif akahamia chama cha ACT-Wazalendo, na Bungara akamfuata. Mwaka 2020 Bungara alipoteza kiti, katika uchaguzi ambao upinzani uliyakataa matokeo yake.

Ngome hiyo ilijengwa na wanachama wa matawi, kura kwa kura. Viongozi walipogombania chama, hawakuwauliza. Chama kitakachotaka kura za Kilwa na Lindi kesho kianze kwa kuwauliza wao.