Ndoa Zenye Misukosuko katika Sinema ya Norwei

Sinema ya Norwei iliingia ndani ya ndoa yenye misukosuko mwaka 1949, Edith Carlmar alipotoa filamu yake ya kwanza, Døden er et kjærtegn. Carlmar, aliyezaliwa mwaka 1911 na kuanzia kazi katika uigizaji, ndiye mwanamke wa kwanza nchini humo kuongoza filamu ndefu. Kampuni ya kuitengeneza aliianzisha pamoja na mumewe, Otto. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya Arve Moen, inamhusu Erik, makanika wa magari anayemwacha mchumba wake kwa ajili ya Sonja, mke wa tajiri. Sonja anaachana na mumewe na kuolewa na Erik, lakini mapenzi yao yanageuka ulevi, wivu na ugomvi usiokwisha, hadi Erik anamuua.

Tamthilia ilikuwa imetangulia. Mwaka 1879 Henrik Ibsen aliandika Et dukkehjem, mchezo ambao Nora anaiacha nyumba ya mumewe baada ya kugundua kwamba hakuwahi kuchukuliwa kama mtu mzima. Mchezo huo ulizua mjadala Ulaya nzima, na tangu hapo watazamaji wa Norwei walizoea kuona mambo ya nyumbani yakijadiliwa hadharani.

Carlmar aliendelea katika njia hiyo. Skadeskutt ya mwaka 1951 inaonyesha maradhi ya akili yanavyoitikisa ndoa. Katika Ung frue forsvunnet ya mwaka 1953, mume anarudi kutoka safari na kukuta mkewe ametoweka. Katika kumtafuta anagundua kwamba alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya. Kati ya mwaka 1949 na 1959 Carlmar aliongoza filamu 10. Ya mwisho, Ung flukt, ilimpa Liv Ullmann nafasi yake ya kwanza kubwa. Ndiye Ullmann ambaye mwaka 1973 aliigiza kama Marianne katika Scener ur ett äktenskap, kazi ya Mswidi Ingmar Bergman kuhusu ndoa inayovunjika polepole.

Kazi za namna hii zilisaidiwa na mfumo wa pekee. Sheria ya mwaka 1913 ilizipa halmashauri mamlaka ya kutoa vibali vya kuonyesha filamu, na nyingi zikaamua kumiliki majumba ya sinema zenyewe. Mwaka 1932 halmashauri hizo zilianzisha kampuni ya Norsk Film. Baadaye fedha za serikali nazo ziliingia katika utengenezaji. Sinema ikawa sehemu ya huduma za umma, na mwongozaji akapata nafasi ya kusimulia maisha ya watu wa kawaida bila kutegemea tiketi peke yake.

Miaka ya 1970 harakati za wanawake zilipamba moto. Mwaka 1978 Norwei ilipitisha sheria ya usawa wa kijinsia. Miaka mitatu kabla ya hapo Anja Breien alikuwa ametoa Hustruer, yaani Wake. Wanawake watatu waliosoma pamoja wanakutana tena na kuamua kuziacha familia zao kwa muda, wakizunguka Oslo wakinywa, wakicheka na kuambiana yaliyowasibu. Waigizaji, Anne Marie Ottersen, Katja Medbøe na Frøydis Armand, walishiriki kubuni maneno yao wenyewe. Breien aliwarudia wanawake hao hao mwaka 1985 na tena mwaka 1996, wakiigizwa na watu wale wale, hivyo mtazamaji akaziona ndoa zikizeeka pamoja na nyuso zao.

Wengine waliitazama ndoa kwa macho ya mtoto. Katika Løperjenten ya mwaka 1981, Vibeke Løkkeberg anarudi Bergen ya baada ya Vita Kuu ya Pili, ambako Kamilla, msichana mdogo, anashuhudia uhusiano wa wazazi wake ukiharibika. Mwaka 2009 Anita Killi alitoa Sinna mann, filamu fupi ya katuni kuhusu mtoto anayeishi na baba mwenye ghadhabu. Mwaka 2024 Lilja Ingolfsdottir alitoa Elskling, inayomhusu Maria, mama wa watoto wanne ambaye mume wake wa pili anataka talaka. Hapa mke naye analazimika kuitazama hasira yake mwenyewe. Helga Guren, aliyemwigiza Maria, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary.

Afrika Mashariki imewahi kushirikiana na sinema hiyo: mwaka 1986 Mtanzania Martin Mhando na Mnorwei Sigve Endresen waliongoza pamoja filamu ya Mama Tumaini.  

Ndoa zenye misukosuko ziko huku pia: mwaka 2010 Uganda ilipitisha Sheria ya Ukatili wa Majumbani, inayoruhusu malalamiko ya wanandoa kusikilizwa hata katika mahakama za mabaraza ya mitaa (LC). Siri ya mtungi, Waswahili husema, aijuaye kata. Lakini kipigo kinachofichwa ndani hakimwachi salama mke wala mtoto. Carlmar na Breien walithibitisha kwamba ndoa ya makanika au ya mama wa nyumbani inastahili filamu nzima, isimuliwe kwa ukweli na kwa heshima. Vijana wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, wenye kamera wanazo hadithi za namna hiyo katika Lhukonzo na Kiswahili. Wazisimulie, na halmashauri ziwape kumbi za kuzionyesha.